Vituo Vinne vya Nyabusalu

Bulugala,
27 Septemba 1998

Mpendwa Nisha,

Kituo cha kumi na saba sikukifikia. Wala cha kumi na nane, wala cha kumi na tisa, wala cha ishirini. Niliviandika kwa ule mwandiko uliokuwa ukiusifu shuleni, nawe umeviingiza kwenye kompyuta ukiamini nilisimama pale. Sikusimama. Sijamwambia mama, sijamwambia Guku, na padri sitamwambia kwa sababu ni mwanaume.

Naomba ukae mahali ambapo kaka zako hawataisoma barua hii juu ya bega lako.

Siku tulipopima mpaka wa ngitili yetu, hifadhi ya kijiji, tulikuwa watatu. Mbele alikuwa Guku Jilala, babu yangu, ambaye amelinda msitu na malisho yale tangu sijazaliwa. Katikati mimi, na mashine ya GPS shingoni. Nyuma Bwana Herman, bwana misitu wa mradi wenu, na daftari zake. Alinichagua kwa sababu nimemaliza kidato cha nne na ninaweza kusoma Kiingereza cha kwenye kioo. Kijiji kiliipokea mashine vizuri kuliko kilivyonipokea mimi. Bwana Herman aliwaambia, "Hii haina shemeji wala mjomba," wakapiga makofi. Mwaka juzi walikaribia kutoana damu na kijiji cha jirani kwa ajili ya mpaka uliokuwa kichwani mwa Guku tu.

Hadi kituo cha kumi na sita mambo yalikwenda vizuri. Hapo Bwana Herman akatumbukiza mguu kwenye shimo la muhanga, kifundo kikavimba mara moja. Guku naye ana mtoto wa jicho. Asubuhi anaona, jua likipanda anaona moshi. Akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe Nyabusalu unaijua. Ingia, pita katikati, utokee ukingo wa korongo. Huko ndiko mpaka. Mivule miwili, jiwe la kunolea, chemchemi, mkuyu wa nyuki. Sisi tunakungoja."

Nyabusalu ni ile sehemu ya msitu yenye giza mchana. Ndani kuna chemchemi ambayo haikukauka hata mwaka wa njaa. Sasa nakuambia kilichonifunga miguu. Nilikuwa katika siku zangu. Mwanamke aliye katika siku zake haingii Nyabusalu, maji yatakimbia. Hakuna anayesimama na rungu kulinda sheria hiyo. Kila mwanamke hujilinda mwenyewe, na asiyeonekana kuteka maji siku fulani haulizwi.

Ningewaambiaje? Wanaume wawili wameketi wananitazama, mmoja babu yangu, mwingine kavua kiatu. Nikasema, "Ndiyo, Guku," nikaenda.

Nilipofika kwenye miti nikasimama. Kisha nikafuata njia ya ng'ombe, upande wa huku wa msitu, palipo wazi. Nikachukua vituo vinne pale. Nikakaa juu ya kichuguu nikikadiria muda ambao ningetumia kama ningepita kweli, halafu nikarudi. Bwana Herman akauliza, "Setelaiti ngapi?" Nikasema tano. Akasema, "Chini ya miti ile? Kumbe tumepata mashine nzuri."

Nilidhani yameishia hapo. Ijumaa iliyopita akaja mtu anaitwa Cornel, broka wa dhahabu kutoka Geita, na vijana wawili wenye vigingi na karai. Ana mashine kama yetu, ndogo zaidi. Akatandaza ramani mezani kwa mwenyekiti, ramani iliyotoka ofisini kwenu, Nisha, na jina la mradi liko chini. Ngitili yetu ni ya kijani. Nyabusalu ni nyeupe. Akasema, "Wazee wangu, mimi ni mtu wa heshima. Kijani ni chenu. Cheupe sina ugomvi nacho, nacho hakina ugomvi nami." Vijana wake wakashuka korongoni kusafisha mchanga kwenye karai. Sijui walichokiona, lakini walirudi wakicheka.

Watu wakauliza, mstari huu aliupita nani? Wote wakamgeukia Guku. Sasa wanasema Guku amekula hela za Cornel.

Mwisho wa Oktoba ramani inapigwa muhuri wilayani, na Bwana Herman alituambia mwenyewe kwamba baada ya muhuri mstari haubishwi. Nitazamie kwenye kioo cha kompyuta yako. Niambie tu mstari umekaaje.

Rafiki yako,
Limi


Shinyanga mjini,
1 Oktoba 1998

Limi wewe!

Nimeisoma barua yako bafuni, maji yakimwagika ili mama adhani naoga. Umekaa na jambo hili wiki mbili peke yako? Shuleni ulikuwa hivyo hivyo. Ulipopata malaria ulitaka kumaliza kwanza zamu ya kufagia.

Usidhani nitakucheka. Kwetu nikiwa katika siku zangu siingii chumba cha sala na sigusi chupa ya achari, eti itaoza. Nakaa kwenye kiti changu pembeni, baba na kaka zangu wanajifanya hawaoni kwamba leo siingii jikoni. Kila mtu anajua na hakuna anayejua. Kwa hiyo nakuelewa mpaka kwenye mfupa.

Nimefungua diski. Kompyuta huunga kituo kwa kituo kama mtu anayeshona, haiulizi. Kutoka kumi na sita mstari unakata moja kwa moja hadi ishirini na moja, na ngitili yenu inaonekana kama chapati iliyong'atwa. Nyabusalu yote iko nje, chemchemi pia.

Sasa nisikilize. Vituo ni namba tu. Naweza kuvisogeza leo mchana Bwana Herman akienda kula. Vishale viwili kwenye kibodi, nukta kumi, kwisha. Wewe niambie korongo liko hatua ngapi kutoka njia ya ng'ombe. Nani atajua? Ramani itatoka na chapati nzima, Guku wako atapumua, na hutahitaji kumwambia mtu chochote.

Huyo Cornel sijui nakala aliipata wapi. Ofisi hii watu wanaingia na kutoka kama sokoni.

Nijibu kwa mkono wa Maige wa lori la pamba, si kwa posta. Anasimama dukani kwa baba kila akija mjini, na hasomi barua za watu kwa sababu anavutiwa zaidi na sambusa.

Wako,
Nisha


Bulugala,
5 Oktoba 1998

Nisha,

Usivisogeze. Tafadhali, kama bado hujavigusa, usiviguse.

Nimewaza siku mbili. Cornel ana mashine yake. Ramani ikibadilika atasimama jiweni na kwenye chemchemi, atasoma namba zake mbele ya watu wote, na za kwetu zitakuwa za kubuni. Hapo Guku atakuwa mwizi kweli, na wewe pia. Sasa hivi namba zetu zote ni sahihi. Ni mahali niliposimama ndipo pasipo sahihi. Zikitakiwa nyingine, lazima nazo ziwe za mahali hasa.

Hapa mambo yamekuwa mabaya. Jumamosi asubuhi mama alinituma kuomba kaa la moto kwa jirani, kwetu lilikuwa limezimika. Nimeomba moto nyumba ile tangu nikiwa na meno ya utoto. Yule mama alinitazama, akafunika jiko lake kwa sufuria tupu. Nilirudi na kigae mkononi, na mama hakuniuliza kwa nini ni kitupu.

Guku hasalimiwi. Anakohoa njiani ili wajue anapita, maana haoni vizuri nani yuko mbele, nao wananyamaza hadi apite. Jana mmoja alisema nyuma yake, kwa sauti ya kusikika, "Kipofu, lakini noti anaziona." Wenzake wakacheka. Guku alisimama kidogo. Kisha akaendelea na fimbo yake.

Jioni nilimpelekea uji. Akaniuliza, "Limi, mivule ilikuwa miwili bado? Hakuna aliyekata mmoja?" Nikasema miwili. Akasema, "Basi mashine ndiyo iliyopotea, si wewe." Nilitaka kusema. Nikamwongezea uji.

Dagashida, lile baraza la kijiji kizima, imeitwa Alhamisi ya tarehe kumi na tano, uwanja wa shule. Wakimkuta na hatia atatengwa: asipewe moto, asizikiwe, ng'ombe wake wasinywe na wengine. Nisha, ana miaka sabini na tatu. Mtu wa umri huo akitengwa hafiki mwaka.

Ninahitaji ile mashine kwa siku moja. Najua ninaomba kitu gani.

Limi


Shinyanga mjini,
8 Oktoba 1998

Limi,

Iko ndani ya bati la biskuti, chini ya vitambaa vya mezani, na juu nimeweka chumvi ili mtu akifungua achoke kabla hajafika chini. Nimemwambia Maige ni zawadi ya harusi. Ameuliza harusi ya nani. Nimemwambia akizidi kuuliza itakuwa yake.

Sikiliza kwa makini. Betri nne mpya ziko humo, zimetoka dukani kwa baba. Chini ya miti mizito mashine haioni mbingu. Inyanyue juu ya kichwa, mikono yako miwili, usubiri. Ikionyesha setelaiti mbili ni bure, tatu ni mashaka, nne andika. Pengine utasubiri nusu saa kwa kituo kimoja. Bwana Herman husema hata ikiwa sawa inaweza kukosea hatua mia, Wamarekani wenye setelaiti hizo wanaivuruga makusudi, lakini korongo lenu na njia ya ng'ombe vimepishana zaidi ya hapo sana. Andika na saa uliyosoma.

Maige anapita Bulugala Jumamosi na anarudi Jumatatu. Jumanne mashine lazima iwe kabatini, kwa sababu Jumatano Bwana Herman anakwenda nayo Mhunze kupima ngitili za huko. Ufunguo wa kabati tunao mimi na yeye tu. Unaelewa maana yake. Kazi hii ndiyo sababu pekee ya baba kuacha kuzungumza habari za kunioza Mwanza.

Kuna jambo jingine nilitaka kukuandikia, nimeliandika mara mbili nikalichana. Nitalisema siku nyingine.

Ingia, toka, rudisha.

Nisha


Bulugala,
Jumatatu, 12 Oktoba 1998

Nisha,

Lori liliharibika Kahama. Maige amefika leo saa kumi na moja jioni, siku mbili baada ya siku tuliyopatana, mikono yake imejaa grisi na bati liko salama. Anasema kesho asubuhi anapeleka pamba huku mbele, atarudi kunichukulia mzigo Ijumaa. Kwa hiyo Jumanne mashine haitakuwa kabatini. Nisamehe. Barua hii naipeleka kwa dereva wa gari la misheni linalokuja mjini.

Jambo la pili utadhani nimelitunga. Leo adhuhuri siku zangu zimeanza.

Nilihesabu vidole mara tatu, kama vile hesabu ingeweza kunionea huruma. Tulipima tarehe kumi na nne Septemba. Ni siku ishirini na nane kamili. Kama lori lisingeharibika ningekuwa nimeingia jana, safi, na yote yangekwisha.

Nikingoja ziishe, dagashida itakuwa imepita. Mama angeweza kuingia badala yangu, lakini hajui kusoma zile namba, na angeuliza sababu, na akijua ya leo atajua na ya siku ile. Mwalimu angeweza, lakini mwalimu ni rafiki wa mwenyekiti, na mwenyekiti juzi ameonekana amevaa saa mpya, pacha na ile ya Cornel.

Utasema ni imani tu. Ulishawahi kugusa ile chupa ya achari?

Nimeificha mashine kwenye pipa la mtama. Kesho nitaamka na kwenda hadi kwenye miti. Nitakachofanya nikifika sijui.

Limi


Shinyanga mjini,
14 Oktoba 1998

Limi,

Barua hii anakuletea Bwana Herman mwenyewe, kwenye mfuko wa shati lake unaofungwa kwa kifungo. Hajui iliyomo. Naibandika kwa gundi ya ofisi, ya mradi wake mwenyewe.

Leo asubuhi alifungua kabati ili ajiandae na safari ya Mhunze. Nilimwambia mashine iko kwa mjomba Sanket, fundi redio, anasafisha sehemu ya betri. Akasema vizuri, nitaipitia. Ni hatua arobaini kutoka hapa hadi kwa mjomba Sanket, na mjomba hata siku ya harusi yake alishindwa kudanganya. Alirudi baada ya dakika tano. Hakupiga kelele. Alivuta kiti, akaketi, akavua miwani. "Nisha, iko wapi?" Nikasema Bulugala. "Kwa nani?" Kwa Limi. "Kwa nini?" Nikasema hilo atakuambia yeye akitaka, mimi si langu kusema. Sasa hivi anajiandaa kupanda pikipiki na kile kifundo chake. Kesho atakuwa kwenu.

Ukiulizwa, jua hivyo: nimesema mahali, sijasema sababu. Hata akinifukuza sitaisema.

Sasa lile nililolichana mara mbili. Ramani ya Cornel niliitoa mimi. Alikuja mwezi uliopita Bwana Herman akiwa porini, amevaa suti, akasema ametoka wilayani. Printa ilikuwa mpya, Limi. Nilikuwa na hamu ya kumwonyesha mtu jinsi kijani kinavyotoka. Aliisifu ramani, akanisifu na mimi, akasema hajawahi kuona msichana anayeitawala kompyuta vile. Nikampa nakala nikamshukuru kwa kuipokea. Uliponiandikia jina lake nililijua mara moja, na nikakuandikia sijui.

Kosa lako lingekaa kimya kwenye diski hadi mwaka mwingine labda. Ni mimi niliyemwonyesha mlango.

Nichukie baadaye. Kesho simama tu.

Nisha


Bulugala,
19 Oktoba 1998

Mpendwa Nisha,

Sikuchukii. Nilisoma barua yako Alhamisi, mambo yalipokwisha, nyuma ya choo cha shule, Bwana Herman akiningoja mbele, na kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu, kwamba duniani tuko wawili.

Nitakuandikia kwa utaratibu.

Jumanne, kabla jua halijapanda, nilifika kwenye miti. Nilivua ndala. Sijui kwa nini. Pengine nilitaka kuomba radhi kwa miguu. Niliita jina la bibi yangu aliyekufa, kisha nikaingia.

Mashine ilipofuka hatua ya kumi. Setelaiti tatu, mbili, moja, kisha hakuna. Ndipo nilipoelewa neno la Bwana Herman siku ile, "Chini ya miti ile?" Alikuwa amenipa nafasi ya kusema na mimi sikuiona. Nilipita hadi mivule miwili nikainyanyua juu ya kichwa kama ulivyoniambia. Mikono ilikufa ganzi. Siafu walinipanda miguuni nikawaacha. Ilipotokea ya nne niliandika kwa mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuandika. Jiwe la kunolea, vivyo hivyo. Kwenye chemchemi nilifumba macho kwanza. Kisha nikayatazama maji. Yalikuwa yametulia, na jani moja juu yake halikuwa likienda popote. Nilisimama karibu na maji kadiri mpaka ulivyotaka, mashine juu, nikimwomba yeyote aliye juu kule, setelaiti au Mungu, afanye haraka.

Kutoka mkuyu wa nyuki hadi nje nilikimbia.

Alhamisi kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Guku aliwekwa katikati kwenye kigoda, na walioketi karibu naye wakasogeza viti. Cornel alikuja na ramani yake ndani ya bomba la plastiki. Mwenyekiti akaanza, "Mzee Jilala, mstari huu uliupita wewe?" Guku akajibu, "Niliuonyesha." "Na Nyabusalu ikatokaje?" "Sijui. Mimi niliiacha ndani." Watu wakaguna. Mmoja akapaza sauti, "Ulipokea ngapi mzee, tugawane!"

Ndipo pikipiki ya Bwana Herman ikasikika, nikajua amefuata mashine, na ikawa ama niseme kabla hajafika ama nisiseme kamwe.

Nisha, unajua darasani nilikuwa siwezi hata kuomba ruhusa ya kwenda nje. Nilisimama. Nikasema, "Guku hakufika Nyabusalu siku ile, wala Bwana Herman. Nilitumwa peke yangu. Vituo vinne nilivichukua njia ya ng'ombe, sikuingia ndani. Kosa ni langu." Nikainua daftari. "Juzi nimevirudia. Hivi hapa."

Mwenyekiti akauliza, "Kwa nini hukuingia?"

Akarudia swali. Mama yangu aliinua kichwa kutoka kule wanawake walipoketi, nikaona anaanza kuhesabu. Bwana Herman amesimama na kofia yake ya pikipiki, anasikiliza. Mwenyekiti akasema, "Asiyekuwa na sababu amenunuliwa. Cornel, huyu binti unamjua?" Na Cornel, Nisha, akatabasamu tu. Hakukataa wala hakukubali. Aliacha watu wajaze wenyewe.

Nilijua nina neno moja la kuniokoa, na siwezi kulitamka mbele ya wanaume mia mbili.

Mama Philomena ndiye aliyenyanyuka. Yule mama wa kwanza kufika chemchemini kila alfajiri, anayepanga ndoo za watu na kugombeza wanaoruka foleni. Akanitazama muda mrefu. Kisha akacheka kwa sauti, akapiga mapaja. "Jamani, mnamuuliza nini mtoto? Aliogopa nyoka! Mtazameni, hata sasa anatetemeka! Mmempa msichana mashine ya wazungu mkamtuma peke yake kwenye giza lile, na nyie wanaume mmekaa mnachua vifundo!"

Uwanja mzima ukalipuka. Bwana Herman mwenyewe alicheka, akatazama mguu wake. Nikainamisha kichwa nikasema, "Ndiyo. Niliogopa nyoka."

Cornel hakucheka. Alisema namba za msichana mwoga ni za kuandikwa kitandani. Basi Bwana Herman akasema twende, mashine mbili, ya mradi na ya Cornel, kituo kwa kituo. Wanaume wakaingia Nyabusalu. Mimi nilibaki nje na wanawake, nimeketi juu ya mikono yangu. Walikaa saa mbili. Walipotoka Cornel alikuwa akikunja ramani yake vibaya, haiingii tena kwenye bomba. Namba zao na zangu zilikuwa zimepishana tarakimu za mwisho tu, kama Bwana Herman alivyosema zitapishana. Vigingi vya Cornel vimeng'olewa. Mwenyekiti saa yake hakuivaa siku hiyo.

Guku alisalimiwa. Watu walipanga mstari kumwamkia kama vile alikuwa safarini. Walipokwisha aliniita, akanishika kichwa akitafuta uso wangu. "Mjukuu wangu, nyoka gani?" Nikamwokotea fimbo yake. Akasema, "Haya. Nyoka ni nyoka." Jioni yule jirani alileta kaa la moto bila kuombwa.

Bwana Herman amechukua mashine na daftari. Hakuniuliza kitu. Aliniambia tu ramani mpya itachapishwa wiki hii na itachapishwa na wewe, kwa hiyo nadhani hujafukuzwa. Ila akasema ufunguo wa kabati sasa utakuwa mmoja.

Watoto wananiita Limi Nyoka. Wanatupa kamba njiani nikipita. Naruka, ili wafurahi.

Mama hajaniuliza. Mama Philomena naye, jana nilipokwenda kuteka maji baada ya siku zangu kuisha, alinipangia ndoo ya mbele, akasema, "Leo umekuja." Hilo tu. Kama anajua ya Septemba, sina shaka anaijua na ya Jumanne, maana wiki nzima aliyeteka maji nyumbani alikuwa mama. Sikuweza kumtazama.

Niliyatazama maji. Yako kidole kimoja chini ya ufa wa jiwe. Sijui kama ndipo yalipokuwa; sikuwahi kuyapima kabla, hakuna aliyewahi. Mvua bado haijanyesha, Oktoba maji hushuka kila mwaka, kila mtu atakuambia hivyo. Lakini nimekwaruza alama ndogo kwa msumari, mahali asipoona mtu, na leo asubuhi nimerudi kuitazama. Kesho nitarudi.

Nimewaza sana juu ya alama ile. Yakishuka chini yake, nitajua ni mimi, na nitabeba. Yasiposhuka, pia siwezi kulisema. Wasichana wenzangu wakijua kwamba niliingia na maji yakabaki, kesho ataingia mwingine, keshokutwa mwenye panga, baadaye mwenye karai. Ramani italindwa na muhuri, na muhuri uko wilayani. Ukingoni mwa miti ile usiku na mchana hakuna muhuri. Kuna woga wetu tu, na mimi nimeupita peku.

Kwa hiyo nakuomba, Nisha. Ya kwako ya printa nitakaa nayo hadi nizeeke. Ya kwangu kaa nayo wewe. Maji yakipungua, usimwambie mtu. Na yasipopungua, ndiyo kabisa usimwambie.

Limi